Niliacha ofisi nikashika ufagio wa msikiti. Sasa ninaitwa kazini Muscat

Mama Mshauri,

Shikamoo. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, na ninaishi katika kijiji kimoja cha mwambao, kusini ya Mto Pangani. Ninasoma safu yako kwa muda mrefu, na sikuwahi kudhani kwamba iko siku nami nitashika kalamu nikuandikie.

Nilisomea uhasibu hadi nikapata shahada. Marehemu baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na mtunzaji wa msikiti wetu kwa zaidi ya miaka thelathini, aliuza shamba lake la minazi ili nisome. Nilipohitimu niliajiriwa Dar es Salaam katika kampuni inayoshughulika na kutoa mizigo bandarini, na mwaka wa tano nikapewa usimamizi wa idara. Mshahara ulikuwa mzuri, nilikuwa na gari, na kila nilipokuja kijijini watu walinipisha nikae mbele. Lakini katika miaka hiyo swala zangu nyingi nilizikidhi usiku kwa haraka, na zipo nyaraka nilizozitia saini huku nikijua kwamba hesabu zake si za kweli, kwa kuwa mkubwa wangu aliniamuru na mimi niliogopa kupoteza nafasi yangu. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Mwaka 2021 baba alipooza upande mmoja. Niliomba likizo ya mwezi mmoja nije kumuuguza, mwezi ukawa miezi minane, na kazi ikapata mtu mwingine. Baba alipofariki, asubuhi iliyofuata hitima niliamka nikawakuta watoto wa chuo wameketi barazani, kila mmoja na juzuu yake mapajani, wakisubiri. Hakuna aliyewaita wala aliyewakataza kuja. Nikaketi mahali pa baba, nikamwambia wa kwanza asome, na tangu siku hiyo sijaondoka hapo.

Sasa huamka kabla ya alfajiri nikateka maji kisimani na kujaza birika la kutawadhia, nikafagia uwanja wa msikiti na kukung'uta mikeka. Watoto ninaowasomesha ni 43. Vilevile nimerithi kazi ya kuosha maiti za wanaume. Mwaka jana nilimwosha mzee mmoja mvuvi ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa miaka mingi ya kushika mshipi, na havikunyooka hata nilipovimwagia maji ya uvuguvugu. Nikaviosha hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine. Mama, sijui niieleze vipi saa ile. Nilimhisi Mwenyezi Mungu yu karibu nami kuliko nilivyowahi kumhisi katika maisha yangu yote, na nikasema moyoni kwamba sitaki tena cheo chochote cha dunia.

Tatizo ni hili. Ada ya watoto ni kile mzazi anachoweza kutoa, na wengi hawawezi. Tunaishi kwa vitumbua anavyopika mke wangu na nguo anazoshona. Tunadaiwa dukani. Binti yetu mkubwa amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza shule ya bweni, na ingawa ada haipo, godoro, sare, daftari na nauli vyote vinahitaji fedha. Mwezi uliopita mtoto wa shangazi yangu, aliyeko Muscat, Oman, kwa miaka mingi, amenitafutia kazi ya uhasibu katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mkataba wa miaka miwili, riali 350 kwa mwezi pamoja na malazi. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Kaka zangu wanasema, "Baba hakuuza minazi ili uje urithi ufagio wake." Mke wangu hakuwa na maneno mengi hapo mwanzo, lakini juzi, nilipomwambia kwamba riziki iko mikononi mwa Mungu na kwamba hapa ninahisi niko karibu naye, alinijibu, "Wewe unamkaribia Mungu, mimi ninamkaribia mwenye duka." Tangu siku hiyo hatujazungumza vizuri.

Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo, mara tatu na sijaota ndoto yoyote. Ninaogopa kwamba nikienda nitarudi kuwa yule mtu wa Dar es Salaam, na chuo cha baba kitakufa. Ninaogopa pia kwamba nikibaki, nyumba yangu itavunjika. Je, ni kosa kuchagua utumishi mdogo kwa ajili ya Mungu kuliko mafanikio ya dunia?

Mwenye Ufagio, Pangani

* * *

Marahaba, mwanangu. Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi, na nilipofika kwenye vidole vya yule mzee mvuvi nilisita mara zote mbili. Mwenyezi Mungu amrehemu, na akulipe kwa mikono yako. Watu wengi huishi miaka sabini bila kupata saa moja kama ile uliyoipata wewe ukiwa umeinama juu ya maiti ya mtu maskini. Ukiibeba saa hiyo kama amana, uko sahihi, na sitathubutu kukuambia kwamba ilikuwa hisia tu itakayopita.

Niruhusu kwanza niseme nilivyoelewa. Umeonja maisha ya cheo, hukuyapenda jinsi yalivyokufanya. Umeonja maisha ya kutumikia, yamekupa utulivu, lakini utulivu huo unagharimiwa kwa sehemu kubwa na mtu mwingine, ambaye sasa amechoka. Mbele yako kuna mlango ulio wazi kwa muda mfupi, na kila unayemsikiliza anakwambia upite, isipokuwa moyo wako. Kama nimekosea mahali, utanisahihisha.

Swali lako la mwisho lina jibu jepesi, na ndiyo maana ninashuku kwamba silo swali linalokusumbua. Kuchagua utumishi mdogo kwa ajili ya Mungu si kosa. Unaijua hadithi ya yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyefariki usiku na masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kwa kuona kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akawalaumu kwa kutomwambia, akaomba aonyeshwe kaburi, akamswalia hapo. Kama ufagio ungekuwa kitu duni mbele ya Mungu, hadithi hiyo isingetufikia. Na huko kwetu pwani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Habib Saleh aliyetoka Komoro akakaa Lamu aliwakalisha darasani watoto wa watumwa na wa watu waliodharauliwa, wakati ambapo wakubwa wa mji waliiona elimu ya dini kuwa mali ya nyumba chache. Kwa hiyo kazi unayoifanya ina ukoo mrefu na wa heshima, na kaka zako wanapoutaja ufagio kwa dharau, usiwajibu kwa hasira, hawajui wanachokitaja.

Lakini ninaona katika barua yako mambo mawili uliyoyafunga pamoja kama yaliyozaliwa pacha: upande mmoja Mungu, msikiti, umaskini na kijiji, upande wa pili dunia, mshahara, ofisi na Muscat. Ninajiuliza kama ni kweli vimegawanyika hivyo. Fikiri kidogo kuhusu Imamu Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa zamani. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, chuo chenye sifa kuliko vyote wakati wake, na mwaka 1095 akaiacha kazi hiyo akaenda Damascus kujitenga na kumtafuta Mola wake. Watu humtaja kama mfano wa kuikimbia dunia. Hata hivyo, kazi aliyoiacha haikuwa ya biashara wala ya utawala. Ilikuwa kazi ya kufundisha dini. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipoipima nia yake katika ufundishaji aliikuta imechanganyika na kutafuta jina. Akaandika pia kwamba aligawa mali yake, ila alibakiza kiasi cha kumtosha na cha kuwalisha watoto, na kwamba baada ya muda ni maombi ya watoto wake yaliyomvuta kurudi nyumbani. Sikutolei kisa hiki ili nikupeleke Muscat au nikubakize Pangani. Ninakutolea kwa sababu mtu yule, katika saa yake kubwa kabisa ya kumkaribia Mungu, hakusahau chakula cha watoto, na wala hakuamini kwamba kazi ya dini inasafisha nia yenyewe kwa yenyewe.

Sasa nikuulize kwa upole jambo ambalo umeliandika katika mistari miwili kisha ukakimbia. Zile saini. Umeniambia mimi nisiyekujua, na mke wako hujamwambia. Inawezekana kwamba unaposema unaogopa kuwa tena "yule mtu wa Dar es Salaam", unachokiogopa si mshahara wala ofisi, bali ni ule udhaifu ulioushuhudia ndani yako siku mkubwa wako alipokuwekea karatasi mezani. Kama ni hivyo, basi kubaki kijijini kunakuficha mbali na karatasi, lakini hakukupi jibu la utafanya nini ikija nyingine. Na zinaweza kuja hata katika hesabu za msikiti. Toba unaijua kuliko mimi: kujuta, kuacha, kuazimia kutorudia, na pale ilipoguswa haki ya mtu, kuirudisha au kuomba radhi. Ukae uchunguze kama kuna mtu aliyepoteza kitu kwa saini yako, na ukihitaji, umuulize shehe unayemwamini, faraghani. Ninashuku kwamba hofu yako ya Muscat itapungua uzito ukilimaliza hili, hata kama bado utaamua kutokwenda.

Na baba yako, je? Unasema chuo chake kitakufa, na kaka zako wanasema hakuuza minazi kwa ajili hiyo. Nyote mnamsemea marehemu. Mtu aliyefagia msikiti miaka thelathini aliuza minazi yake ili mwanawe asome hesabu. Alikuwa na maana fulani, na huenda hata yeye asingeweza kuieleza kwa sentensi moja. Yawezekana alitaka uende mbali. Yawezekana alitaka tu uwe na hiari ambayo yeye hakuwa nayo, ili ukishika ufagio uushike kwa kupenda. Ningekuomba umpumzishe katika mjadala huu.

Nimeliacha la mke wako hadi hapa kwa sababu ndilo lililonikaa moyoni. "Wewe unamkaribia Mungu, mimi ninamkaribia mwenye duka." Naamini uliyasikia maneno hayo kama lawama juu ya imani yako. Mimi nimeyasikia kama ombi. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko, akamimina unga kwenye vikaango, akageuza kitumbua kimoja kimoja huku moshi ukimwingia machoni, kisha akaenda kusimama mbele ya mwenye duka kuomba aongezewe siku tatu, huyo naye anatumikia, tena bila mtu wa kumwita mwalimu wala wa kumpa mkono baada ya swala. Wewe unapotoka alfajiri kujaza birika, kijiji kizima kinakuona. Yeye nani anamwona? Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Nyumba ilitajwa kwanza. Nisamehe kama ninasema kwa ukali. Sitaki ujione mtu mbaya, kwa kuwa sikuoni hivyo hata kidogo.

Kuna pia kile kisa cha sahaba Salman al-Farisi alipomtembelea ndugu yake katika imani, Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiachia, hana hamu ya kujipamba, kwa sababu mumewe alikuwa akifunga mchana na kusimama kuswali usiku kucha. Salman alimwambia Abu Dardaa kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume aliposimuliwa alisema Salman amesema kweli. Wanaotaka uende Muscat watakisoma kisa hiki kuwa amri ya kusafiri. Mimi siioni hivyo, kwa maana haki ya mke si fedha peke yake, na mume aliyeko ng'ambo ya bahari kwa miaka miwili anatuma riali lakini hatumi kifua cha kuegemea.

Tuziangalie njia basi. Ukienda, madeni yatalipika na binti atasoma akiwa ametulia. Utaziona swala kwa urahisi, kwa kuwa nchi ile imejaa misikiti, na hesabu zilizoandikwa kwa haki ni ibada vilevile. Hatari zake unazijua baadhi: wanao watakua bila wewe, na mkataba wa miaka miwili una tabia ya kuzaa mwingine, kwa sababu mahitaji ya nyumbani hupanda yakifuata mshahara. Kabla hujasema ndiyo, uusome mkataba wenyewe ulioandikwa, usiridhike na maelezo ya simu. Ujue pasipoti yako itashikwa na nani, likizo ni lini, na nauli ya kurudi inalipwa na nani, maana kibali cha kuishi kule hufungamana na mwajiri. Upitie pia mamlaka za kazi za Serikali ili jina lako lijulikane. Na uwe umeamua tangu hapa, tena mbele ya mke wako, kwamba utarudi kwa jambo gani na kwa kiasi gani cha fedha, la sivyo siku ya kurudi haitakuja.

Ukibaki kama ulivyo sasa, bila kubadili chochote, ninachokihofia ni kwamba chuo kitaendelea na nyumba itapasuka, kisha wewe mwenyewe utaanza kuuchukia ufagio unaoupenda. Lakini kubaki si lazima kuwe hivyo. Wewe ni mhasibu katika wilaya yenye mashamba ya minazi na mkonge, wavuvi, wachuuzi wa dagaa na vyama vya ushirika, na wengi wao huandika hesabu zao nyuma ya daftari la mtoto. Watoto wanakuja kwako kabla na baada ya shule; saa za katikati ni za nani? Tanga mjini nako ni kama kilomita 50 tu kutoka Pangani, na kazi ya siku chache kwa wiki huko isingekupeleka mbali na watu wako. Uwaulize pia wazee kama msikiti una minazi ya wakfu iliyosahaulika. Pwani yetu ina wakfu nyingi ambazo nazi zake huanguliwa kila baada ya miezi mitatu na hakuna anayejua fedha zinaishia wapi, na mtu wa kuzisimamia kwa haki ni yule anayejua vitabu vya hesabu na anayemwogopa Mungu. Hatari ya njia hii ni kwamba ni ya polepole, mwenye duka hapendi polepole, na yawezekana usifike hata robo ya zile riali 350.

Chuo nacho, ukienda au ukibaki, kisitegemee pumzi ya mtu mmoja. Kati ya wale 43 na kaka zao waliokwisha hitimu, hakosekani kijana wa kuwasikiliza wadogo, na wa kujifunza kwako kuosha maiti kama ulivyojifunza kwa baba. Ninajua ni vigumu kukabidhi. Nimewahi kuona watu wema wakishindwa hapo, kwa sababu unyenyekevu wao ulikuwa umeota mizizi mahali ambapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa, na sijui kama hilo linakuhusu, uliangalie tu.

Kuhusu istikhara, usihangaike na ndoto. Dua tuliyofundishwa haitaji ndoto popote. Inaomba kwamba jambo likiwa na heri liwe jepesi, na likiwa na shari liondolewe mbali, na moyo uridhishwe. Pamoja na istikhara iko istishara, kushauriana, na mtu wa kwanza wa kushauriana naye bado hujaketi naye.

Kwa hiyo kabla hujamjibu mtoto wa shangazi yako, nina ombi moja. Siku moja wiki hii, mwombe kijana yeyote akujazie birika, nawe uamke na mke wako saa kumi. Kaa karibu na jiko, umshikie taa, umpakulie vitumbua kwenye beseni, na usitaje Muscat wala riziki wala Mungu mpaka yeye aanze kuzungumza. Akishaanza, msikilize hadi mwisho, na moyo ukikuruhusu, mwambie habari ya zile saini. Kisha niandikie.